Kiini Alichokipunguza Yasunori

Yasunori Hidaka alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kuona kitu cha ziada akakiacha. Tangu astaafu kazi ya simu, starehe yake ilikuwa kuchukua kompyuta ambazo hata waliozitengeneza wamezisahau, akaziundia kiini chake mwenyewe. Kiini ndiyo ile programu inayoamka kwanza na kuitambulishia mashine viungo vyake: hii skrini, ile diski. Yeye alipenda kiini chembamba. Mstari usio na kazi kwenye faili la mipangilio aliufuta kwa raha, kama mtu anayeng'oa magugu.

Mchana ule alikuwa Nishijin, mtaa wetu wa wafumaji, kwenye karakana ya shemeji yake Sumie, mjane wa kaka yake. Kompyuta ya Sumie ndiyo iliyouambia mtambo wa kufuma uzi gani unyanyuke. Ndani ya diski yake mlikuwa na michoro yote ya vitambaa ya Tokuji, marehemu mumewe, na hakuna mashine nyingine mjini iliyoweza kuisoma diski ya aina ile. Yasunori alikuja kuinusuru michoro hiyo: angeongeza mstari mmoja, kiini kitambue kifaa cha mtandao, kisha anakili kila kitu. Kazi ndogo. Lakini kiherehere kikampanda, akafuta na mistari mingine kadhaa kabla ya kukijenga kiini. Nafasi ilipokosekana kwenye diski, akafuta kiini cha zamani na kuweka kipya mahali pake.

Wenzake wa mchezo huu wana mwiko mmoja, huurudia hata wakilewa: cha zamani hakifutwi mpaka kipya kiamke. Yasunori mwenyewe alikuwa mhubiri mkubwa wa mwiko huo.

Kabla ya kuiwasha upya, akapitia taarifa za mashine. Hapo ndipo alipoona kwamba diski ilitegemea kifaa kilekile ambacho mstari wake alikuwa ameufuta. Kompyuta ilikuwa bado inakwenda kwa sababu tu kiini cha zamani kilikuwa kingali kwenye kumbukumbu yake. Ikizimika, itaamka haiijui diski yake, na michoro ya Tokuji ndiyo basi tena.

"Shemeji, chai yako inapoa," Sumie aliita kutoka kwenye mtambo.

"Nakuja."

Hakwenda. Aliurudisha mstari, akaanza kukijenga kiini upya. Mashine ile ilikuwa kobe. Ilitafuna faili moja, ikapumzika, ikatafuna jingine.

Ndipo radi iliponguruma.

Huku kwetu Nishijin, radi ikisikika, kila karakana huvuta swichi kuu chini, mota zisije zikaungua. Mitambo ya majirani ilianza kunyamaza mmoja mmoja. Sumie naye akainuka, akajifuta mikono, akaelekea ukutani.

"Shemeji, usizime!"

"Nisizime? We Yasu una wazimu? Radi hiyo huisikii?"

"Nimeharibu." Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ukizima sasa haiamki. Michoro ya kaka itapotea."

Mkono wa Sumie ulibaki kwenye swichi. "Umefanya nini?"

"Nimefuta nisichopaswa kufuta. Nilijifanya mjuaji."

"Na lini hukujifanya? Radi ikipiga ikiwa inawaka je?"

"Itaungua."

"Kwa hiyo nikizima imekufa, nisipozima imekufa."

"Nipe muda kidogo tu, shemeji. Nakuomba."

Sumie aliiacha swichi, akaja kuketi kando ya Yasunori, akashika upindo wa shati lake kama mtoto sokoni. Umeme ulimulika dirishani. Taa ikafifia, skrini ikacheza. Ikarudi. Yasunori alimwomba kaka yake msamaha kimoyomoyo, tena na tena.

Hatimaye kiini kikakamilika. Akakiweka.

"Zima."

"Una uhakika?"

"Sina."

Sumie akainuka, akaivuta swichi chini. Dhoruba ikawapita juu ya vichwa, nao wamekaa gizani.

Radi zilipohamia milimani, Sumie aliirudisha swichi. Yasunori akabonyeza kitufe, akafunika uso. Diski ikalia, maandishi yakaanza kushuka. Alipochungulia kati ya vidole, mabega yakaanza kumtikisika.

Sumie aliyaona mabega yale, akaelewa kivyake.

"Basi, Yasu," alisema polepole. "Usilie. Kaka yako hakuwa ndani ya sanduku hili. Nitafuma mistari mitupu, watu watavaa."

Yasunori aliushika mkono wa Sumie, akakiweka kidole chake juu ya mstari mmoja wa skrini.

"Ni nini hapo?"

"Diski. Imeiona."

Sumie alitazama kidole chake. Kisha akamtandika kofi la mgongo, na la pili, machozi yakimtiririka.

"Nakili sasa hivi," alisema, "kabla sijakuua."