Ukoka wa Mbele ya Nyumba

Mume wangu aliotesha ukoka mbele ya nyumba yetu ya Ngombezi mara tu tulipohamia. Alileta vipando kwenye kiroba kutoka kando ya mto, akavichomeka kimoja kimoja, na kila jioni akavimwagia maji tuliyofulia. Ulipokolea, watu waliokuwa wakienda kiwandani walipunguza mwendo kuutazama. Mimi nilikuwa nashona nguo kibarazani, na shingo ikiuma, niliinua macho nikautazama pia.

Kisha mama yangu akaja kutoka Misima. Miguu ilikuwa imemvimba, na kule hakuwa na mtu wa kumchotea maji. Siku ya kwanza tu aliuliza:

"Mwanangu, hapa mbele mnafuga nini?"

"Hatufugi kitu, mama. Ni urembo."

"Urembo wa nyoka huo. Uwanja hufagiliwa."

Mume wangu alicheka kwa adabu ya mkwe, akaenda zake kuchukua ndoo.

Mwaka huo vuli ilikuwa ya kudokoadokoa. Bomba likawa linatoa maji kwa zamu, na zamu yetu ikifika nilikuwa na mashuka ya mama yananisubiri, maana alikuwa hawezi tena kuwahi chooni. Mume wangu alihamishiwa zamu ya jioni kiwandani, basi kumwagilia kukawa kazi yangu. Nilimwagilia wiki chache, nikaruka siku, nikaruka mbili, nikaacha. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona kila jani linaniomba kitu. Ukoka ulianza kugeuka njano upande wa barabarani, ukaja hivyo mpaka karibu na ngazi. Mbigiri zikatambaa katikati. Mume wangu aliona, lakini hakuniuliza, na kutouliza kwake kulinichosha zaidi.

Masika yalipokuja, palipokuwa na ukoka pakaota magugu ya mashona nguo na ndago, na mboga ya mchunga katikati yake. Asubuhi moja nilikuwa nimemtoa mama kwenye mkeka aote jua. Nikamsikia anaita.

"Mchunga ule! Chuma ungali mchanga."

"Baadaye, mama. Nina sare za watu hapa."

Hakungoja. Alijisogeza kwa makalio, akashuka ngazi moja, akapumua, akashuka ya pili. Nilijua inanipasa niinuke, lakini mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani. Alichuma mpaka upande wa kanga yake ukajaa, kisha akakaa palepale kwenye majani mabichi, akiondoa mashina, huku akiimba kwa Kizigua kitu ambacho sikukisikia vizuri. Nilipokwenda kumnyanyua, alikuwa amelowa umande mpaka mgongoni. Alikuwa anacheka.

Tulikula mchunga ule kwa ugali. Ulikuwa mchungu haswa. Mume wangu aliongeza mara ya pili.

Mama alifariki kiangazi kilichofuata, alasiri, nikiwa nampaka mafuta miguuni. Tulimzika kwao Misima, lakini majirani wa Ngombezi walikuwa hawajapata pa kumlilia, kwa hiyo tuliporudi tukasoma hitima nyumbani. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, mafiga yakapangwa, sufuria za wali zikapanda moto. Walipoondoka wote, pale mbele palibaki majivu na udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu.

Mume wangu alisimama na jembe. "Nilete vipando vingine?"

"Vya nini?"

"Pasikae hivi."

"Leta ukitaka. Mimi simwagilii."

Alilirudisha jembe ndani, akaja kukaa karibu yangu. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi.

Sasa ndago zimetoboa yale majivu, na mashona nguo yanashika pindo za wateja wangu wanapokuja kupima. Juzi mbuzi wa jirani aliingia akala alichokiona. Nilimtazama tangu anaanza. Mume wangu aliporudi aliuliza mbona sikumfukuza.

"Nilikuwa natia pindo," nikamwambia.

Akaenda kumfunga mbuzi, akamrudisha kwao.