Wali wa Mkwe

Wifi yangu Veridiana hanunui kitu kinachoweza kuota, kuokotwa au kuanikwa. Nasema hivi bila kumsengenya. Mimi ni dada wa mumewe, na ukiona wifi amekosa la kusema juu ya wifi mwenzake, ujue anaumwa. Alikuja kuolewa hapa kwetu, nje kidogo ya Newala, akitokea Chiwata, na tangu mwaka ule dari la jiko la kaka yangu halijawahi kupumzika. Huko juu ya mafiga, moshi unakopita, amepanga makopa ya muhogo, vifurushi vya kisamvu kikavu, majani ya kunde, vipande vya maembe, uyoga wa masika, na kochoko, yaani yale mabibo yaliyokamuliwa na kukaushwa ambayo wenzake huyaacha yakaoza chini ya mikorosho. Maji aliyooshea vyombo yanakwenda kwenye mchicha uliopandwa ndani ya viroba vilivyotoboka. Maji aliyooshea mchicha yanakwenda kwenye mpapai. Sisi wa huku juu tunakinga maji ya mvua na kuyatunza mwaka mzima, kwa hiyo kwa hilo simcheki.

Kwa mengine namcheka. Msimu wa korosho ukifika, wanaume wenzake kaka yangu Alfredi wanakula kuku na kushushia soda, ila yeye anarudi nyumbani kukuta nandolo, ndiyo mbaazi kwa jina letu la huku. Miaka ya mwanzo alilalamika mpaka kwangu. Nikamwambia umeoa mwenyewe, mimi sikukusindikiza. Halafu ikaja miezi ile ya mvua, ghala za watu zimebaki na panya, majirani wanapita na bakuli kuomba unga, na yeye jioni anakaa barazani akichokoa meno. Hakulalamika tena.

Nisiwe mnafiki, chakula cha wifi yangu ni kitamu. Uyoga wake mkavu akiuloweka, akaupika kwa tui la korosho zilizovunjika, halafu akausongea ugali wa muhogo, unaweza kusahau kurudi kwenu. Mimi hupita pale karibu kila mchana kumjulia hali. Afya yake ni njema siku zote, lakini siwezi kuwa na uhakika mpaka nikae nile.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamuuma. Mungu alimpa mtoto mmoja, Dickson, naye aliondoka mapema kwenda shule za mbali, kisha akapata kazi kwenye ujenzi wa barabara, leo kambi hii, kesho ile. Chakula chote kile darini na midomo miwili, mitatu ukinihesabu mimi. Veridiana alikuwa akikausha mboga kama mtu mwenye watoto kumi, na nadhani moyoni mwake alikuwa nao.

Kiangazi kilichopita mke wa Dickson alijifungua. Anaitwa Loyce, Mchaga wa Rombo, fundi wa nguo, binti mpole anayeamkia hata kama mmeonana nusu saa iliyopita. Mama yake mzazi alifariki Loyce akiwa bado msichana, kwa hiyo hakukuwa na kwao kwa kwenda kulelewa uzazi. Dickson akaamua aje kwetu. Alijifungulia hospitali ya Ndanda, mtoto wa kike, Anjelina, na Alfredi akaenda kuwachukua na gari la kukodi akiwa amevaa koti la harusi yake katika jua lile.

Dickson alipiga simu akasema mkewe atakaa kwa mama mpaka mtoto akaze shingo na zaidi, hata mwaka akipenda. Akaongeza kwamba asipokuwa na raha, mwisho wa mwezi atakuja awachukue. Veridiana hakusikia lile la mwaka. Alisikia la mwisho wa mwezi. Kuanzia hapo akawa mtu wa hofu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amefunga dari. Nasema kweli, alikuwa amelitundikia kanga mbili kuukuu ili kitu chochote kisionekane kutoka chini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkwe hapewi vitu vya porini. Mkwe, tena mzazi, tena ametoka kwenye ndizi na maziwa, anapikiwa wali. Akiona anapewa mizizi iliyochimbwa vichakani na majani makavu, atasema amepelekwa kwa maskini, na mwisho wa mwezi atapanda gari na mjukuu. Alfredi alitikisa kichwa akikubali. Huku kwetu ndivyo ilivyo, mgeni wa heshima akija, sahani nyeupe inatoka kabatini, na wali unatoka dukani.

Basi mwanamke asiyenunua kitu akaanza kununua. Akanunua mchele, tambi, mkate, siagi ya kopo. Akamtuma Alfredi mpaka Masasi kutafuta ndizi za kupikia mtori, kwa sababu alisikia Wachaga wakizaa hunywa mtori. Kaka yangu na ndizi wapi na wapi. Alileta mkungu wa ndizi nzuri sana za kula, ukaivia njiani, na Veridiana akazipika hivyo hivyo na nyama. Mimi nilionja. Ulikuwa mtamu kama uji wa Ramadhani, wenye vipande vya ng'ombe ndani. Loyce alikunywa vijiko viwili, akashukuru kwa heshima mpaka nikamwonea huruma.

Kwenye wali pia Veridiana hakuwa fundi. Mtu anayepika wali sikukuu mpaka sikukuu, atajulia wapi? Siku moja uji, siku moja changarawe. Akaupeleka kila mchana chumbani kwa Loyce, sahani nyeupe, kijiko, kitambaa, akarudi jikoni kimyakimya, na huko nyuma sisi tulikuwa tumezunguka chungu. Alikuwa anatupikia kwa kujificha kama mtu anayepika gongo. Nilimwambia wifi, mbona huyu mtoto anapungua na sisi tunanenepa? Akaniambia nitafune nikiwa nimefunga mdomo, nitasikika.

Ni kweli Loyce alikuwa anapungua. Sahani ilirudi nusu, kisha ikarudi na zaidi ya nusu. Maziwa ya mtoto yakaanza kuwa ya shida, Anjelina analia, na Veridiana akilia naye jikoni. Jawabu lake lilikuwa kuongeza siagi kwenye wali. Mwezi ulikuwa unayoyoma, na Loyce alikuwa amezidisha kuongea na mumewe kwenye simu, mlango umefungwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Veridiana alikuwa amechimba ming'oko tangu juzi yake. Hiyo ni mizizi yetu ya porini, myembamba kama vidole, wewe unaifuatilia chini ya ardhi kwa mti wa kuchimbia mpaka mgongo ukatae, kisha unaichemsha na chumvi. Ilikuwa imeiva, imefunikwa kwa majani ya mgomba. Pembeni kulikuwa na nandolo na kisamvu kikavu kwa korosho. Alfredi alikuwa anamenya kwa vidole huku akifumba macho. Tulikuwa na furaha mno, ndiyo maana hatukusikia mtu anakuja.

Loyce alisimama mlangoni, mtoto kifuani, sahani ya wali mkononi. Akatuamkia. Tukaitikia marahaba, midomo imejaa. Veridiana alivua kanga ya begani akakifunika chungu, lakini mvuke ukapita juu ya ua la kanga ukaenda moja kwa moja puani kwa yule binti. Kaka yangu alibaki na mng'oko umetokeza mdomoni.

"Mama," Loyce akasema, "nimekosa nini?"

Veridiana akasema hajakosa kitu, arudi akapumzike, kuna moshi.

"Kwa sababu tangu nimekuja napikiwa chungu changu peke yangu. Nikasema labda ni desturi. Lakini kila siku nawasikia mnacheka huku, na mimi niko ndani na kijiko. Mtu anayepikiwa peke yake ni mtu anayengojewa aondoke."

Jamani. Nimeishi miaka mingi na nimesikia mengi ila lile lilinikaba, na mng'oko nao ukanikaba, ikabidi nipigwe mgongoni. Veridiana alikaa chini pale pale kwenye vumbi na gauni lake la kanisani, akaanza kueleza, maneno yakitoka shaghalabaghala: kwamba aliona aibu, kwamba hivi ni vitu vya kuokota, kwamba aliogopa atadharauliwa na mjukuu achukuliwe, kwamba wali wenyewe hajui kuupika na anaomba radhi. Loyce alimtazama, kisha akatazama juu. Sijui ni upepo au nini, kanga moja ya dari ilikuwa imelegea upande, na uyoga ulikuwa unaning'inia wazi. Akaweka sahani ya wali chini, akapiga magoti kwenye mkeka, akaomba apewe na yeye.

Alikula mng'oko wa kwanza na maganda yake, maskini, hakuna aliyemwonyesha. Wa pili nikammenyea mimi. Alikula mpaka Alfredi akaanza kuangalia chungu kwa wasiwasi. Kisamvu alikirudia. Wali waliupata kuku, na siku hiyo kuku ndio waliokuwa wageni.

Ungedhani mambo yaliisha hapo. Maziwa yalirudi, ndiyo, na sahani nyeupe ikarudi kabatini. Lakini Veridiana ni mtu mgumu kubadilika. Alimpa Loyce chakula chetu kwa adabu zile zile za mgeni: "Mama Anjelina, samahani, kaa hapa," "Mama Anjelina, usiguse hicho, utachafuka." Loyce akishika ufagio anapokonywa. Akitaka kuanika mboga anaambiwa apumzike. Niliona macho ya yule binti na nikajua bado anahesabu siku zake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alinyimwa hata kijiko cha kukorogea. Naye Dickson alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, anakuja Jumamosi kuwachukua.

Alhamisi Veridiana alikwenda shambani mapema, na Loyce akapata nafasi aliyokuwa anaitafuta. Alifagia uwanja. Akaosha masufuria. Akaingia jikoni, kwenye kona akakuta ndoo ya mbaazi, akaifunua, akaona zimejaa majivu. Kwa mtu wa Rombo aliyelelewa kuangalia usafi, majivu ndani ya mbaazi ni uchafu. Akachukua ungo, akazipepeta hata zikang'aa, na majivu yote akayamwaga chooni. Nilifika wakati anamaliza. Nilipoona ndoo ni ipi, nikakaa mbali kidogo, karibu na njia.

Ile ilikuwa mbegu. Mbegu ya Veridiana, iliyotoka kwa mama yake Chiwata, anayoichagua punje kwa punje kila mavuno na kuichanganya na majivu yaliyochekechwa ili fukusi wasiitoboe kabla ya mvua. Mimi mwenyewe siruhusiwi kuigusa. Alfredi haruhusiwi kuitazama sana.

Veridiana alirudi, akatua kuni, akaona mbaazi zinameta kwenye ungo na mkwe wake amesimama kando akitabasamu, akingoja kushukuriwa.

"Wewe Loyce! Nani amekutuma?" Nilisahau kuwa wifi yangu ana sauti ile. "Hiyo ni mbegu! Majivu ndiyo dawa yake. Fukusi wakiimaliza, mvua ikianza tutapanda nini, hizo nywele zako? Huna mdomo wa kuuliza? Mtoto gani wewe? Lete huyo Anjelina kwa bibi yake mdogo, shika chekeche, kachekeche majivu ya mafiga yote matatu, na usinitazame hivyo!"

Kisha akasikia alichosema. Niliona uso wake unabadilika. Akaushika mdomo wake kwa mikono miwili, akakaa juu ya kuni alizozitua, na mimi nikajua anachokiona mbele yake ni gari la Jumamosi.

Loyce alinipa mtoto. Akashika chekeche, akapiga magoti kwenye mafiga, akachekecha hadi kope zikawa nyeupe. Simu yake ikaita pale pale sakafuni, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na majivu, akaibonyeza kwa kiwiko ikasema kwa sauti kubwa. Alikuwa Dickson, anauliza afike na gari saa ngapi.

"Usije kutuchukua," Loyce akamwambia. "Mama amenigombeza."

Dickson akashtuka, akasema kama ni hivyo anaondoka leo leo, asubiri.

"Hujanielewa. Amenigombeza sana, Dickson. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyewahi kunigombeza hivi." Alikuwa analia na kucheka pamoja, na machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye majivu ya mashavu. "Uje utusalimie tu. Sisi tupo."

Nilimgeukia Veridiana. Alikuwa bado juu ya zile kuni, kilemba kimemwangukia sikioni, na furaha aliyokuwa nayo usoni sijawahi kuiona hata siku ya ndoa yake, na siku ya ndoa yake nilikuwepo. Alijipangusa kwa upindo wa kanga. Akakohoa. Kisha akamwambia mkwe wake kwamba kama amemaliza kuongea, hayo majivu hayatoshi, akatoe mengine kwa jirani.

Loyce akakata simu, akachukua ndoo akaenda.