Talaka ya Kwenye Shuka

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na chumba changu kilitazamana na cha mchezaji sinema. Nasema mchezaji sinema kama mtu anavyosema seremala au dobi, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyotaka. Kazi iliyomlisha ilikuwa kupaka chokaa kuta za watu, lakini ukimwita fundi chokaa haitiki. Alikuwa amecheza picha moja. Wakati ule wa Mwingereza, kabla ya vita ya pili, Dar es Salaam nzima mwenye picha moja mfukoni alikuwa yeye peke yake, na ukumbi wake ndio wetu.

Picha yenyewe ilikuwa ya serikali, ya kutufundisha tuache kunywa tembo la mnazi. Wazungu wawili walikuja na mashine yenye miguu mitatu, wakaisimamisha kwenye uwanja wa nyumba moja kule Msimbazi, wakatafuta mtu wa kuwa mlevi. Jirani yangu hakuwahi kuonja tembo tangu azaliwe. Kwa hiyo alikwenda kukaa na walevi alasiri nzima, hanywi, anatazama tu wanavyoanguka, kisha akirudi anafanya mazoezi ukumbini. Alianguka vizuri mno. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma shule ya usiku, na kila nikifungua hesabu za kugawanya, puu! Nyumba inatikisika mpaka Morogoro wanashika kuta.

Taabu ilikuwa mke. Picha ilitaka mlevi ampe mkewe talaka, amtupie sanduku nje, halafu augue, ajute. Kariakoo yote hakupatikana mume wa kumtoa mkewe aachwe mbele ya mashine. Jirani akamchukua mke wake mwenyewe. Mke akaomba doti mpya ya kanga, akapewa, akacheza. Alilia machozi ambayo yangejaza pipa letu la maji na kumwagika barazani. Wazungu wakapiga makofi, wakafunga mashine yao, wakasema watamwita tena kwa picha nyingine, na humo atakuwa chifu.

Hawakumwita. Alingoja mpaka mvi zikaanza kuchanganyika na chokaa. Mwendo wa kichifu aliufanyia mazoezi kwa muda mrefu hivi kwamba mwenye nyumba alimwuliza kama nyonga inamsumbua. Mitaani watoto walimwita mlevi, na wagema wakimwona wanamsogezea kata ya tembo kama mteja wa zamani. Yeye alikuwa akienda msikitini.

Kisha serikali ikaanza kuonyesha ile picha Mnazi Mmoja, kwenye shuka nyeupe iliyofungwa kwenye nguzo mbili. Mashine ya wale Wazungu haikuchukua sauti, kwa hiyo ilitakiwa mtu asimame kando ya shuka na bomba la bati la kupazia sauti, aseme yanayosemwa. Akapewa kazi hiyo. Aliichukua kama mtu aliyeletewa kiti cha enzi.

Usiku wa kwanza mji wote ulikuja, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na kama kuna mtu alibaki nyumbani basi alikuwa amekufa. Mlevi akapepesuka kwenye shuka, jirani akainua bomba, akanguruma: "Mke wangu, nimekuacha, talaka moja!" Upande wa wanawake mtu mmoja akasimama. Alikuwa mama mkwe wake.

Asubuhi alikuwa barazani kwetu kabla ya chai.

"Shikamoo mama," jirani akamwambia.

"Marahaba. Mwanangu umemwacha kwa kosa gani?"

"Mimi sikumwacha, mama. Mlevi ndiye aliyemwacha."

"Huyo mlevi yuko wapi?"

"Kwenye shuka."

"Na aliyesema mbele ya watu wote wale ni nani?"

"Mimi, lakini nilikuwa namsemea yeye."

"Na mwanamke aliyeambiwa ni mke wa nani?"

Jirani akafikiri. "Wangu."

"Ahaa," akasema mama mkwe, akakaa, akaomba chai.

Wakaenda kwa shehe, nami nikafuata kama shahidi. Shehe aliwasikiliza kwa utulivu, akataka aelezwe ilivyokuwa. Jirani akasimama katikati ya mkeka, akatanua kifua, akaanza: "Mke wangu, nime..."

"Nyamaza!" shehe akaruka. "Usiseme hapa! Kaa chini!"

Alipotulia alisema kwamba habari ya shuka hajawahi kuulizwa, lakini neno lile si la kuchezea, na kwa kuwa shaka imeingia, bora waihesabu ni moja, mume amrejee mkewe, wakae salama, na asilitamke tena. Jirani akaapa.

Picha ilipoonyeshwa mara ya pili alikusudia kweli kulimeza neno lile. Lakini watu walikuwa wameshaijua picha, wakaanza kumpigia kelele, "Mwache! Mwache!" na mtu aliyengoja miaka yote ile kupigiwa kelele angefanya nini? Alilisema kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Usiku ule nilimsikia ng'ambo ya ukumbi akimwambia mkewe, kwa sauti ya picha, kwamba amemrejea. Mke akasema, "Haya, zima koroboi."

Basi ikabaki talaka moja, na hiyo ya tatu haina kurejea. Kariakoo yote ilijua. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumwona mtu wa mtaa wa Gerezani wa kumwoa mwanawe, muuza nguru, mjane mwenye nyumba ya bati, na huyo muuza nguru alianza kupita mtaani kwetu na kanzu safi bila sababu. Tangazo likatoka kwamba picha inarudi Mnazi Mmoja. Jirani akaacha kula.

"Usiende," nikamshauri.

"Nani atasema? Watampa karani. Atasema kama anayetaja bei ya vitunguu."

"Basi nenda, lakini neno lile liruke."

"Neno lile ndiyo picha yenyewe, bwana. Ukiliondoa, yule mwanamke analia nini?" Akatazama mikono yake yenye chokaa. "Lakini nimezoea kusikia anavyokohoa asubuhi akiwasha moto. Sijui nitalala vipi nisipomsikia."

Mkewe alikuwa akichambua mchele pale pale. Hakuinua uso. "Mimi nitakaa mbele kabisa," akasema, "nisikie vizuri."

Siku ilipofika nilisimama karibu na mashine ya kuonyeshea picha. Watu walikuwa wengi hata mbu walikosa pa kupita. Muuza nguru alikuwa mstari wa kwanza. Mlevi akaingia kwenye shuka, akayumba, akamnyooshea mkewe kidole, midomo ikafunguka. Jirani akainua bomba.

"Mke wangu," akasema, "wali wako wa leo... umeiva vizuri sana."

Kwenye shuka mlevi akainua sanduku, akalitupa nje.

"Na sanduku hili," likasema bomba, "nakutolea nje lipate jua."

Mke kwenye shuka akajifunika uso kwa kanga, akalia mabega yakaruka.

"Usilie, mama. Ni wali tu."

Watu walicheka mpaka nguzo za shuka zikayumba. Mzungu wa mashine akaniuliza kinachochekesha. Kwa Kiingereza changu cha shule ya usiku nikamweleza kwamba mume amesifu wali. Akafikiri, akaniuliza kama picha bado inapinga tembo. Nikamwambia ndiyo, kwa kiasi. Mlevi alipougua na kushika tumbo, wote wakaamini amezidisha kula.

Usiku ule ule bomba alinyang'anywa, akapewa karani. Jirani alirudi nami akitembea kama aliyetoka kuzika sinema, lakini kila hatua mbili ananiambia, "Bado ninaye. Si bado ninaye?" Namwitikia, bado unaye.

Tulimkuta mke chumbani anafunga sanduku. Sanduku lile lile.

"Machozi yangu yote yale," akasema, "kwa sababu ya wali?"

"Mke wangu, nilikuwa naokoa ndoa yetu."

"Ndoa ungeiokolea hapa nyumbani. Pale ulikuwa kazini. Na mimi nilikuwa kazini. Mji mzima umenicheka nalia."

Akaenda kwao. Mama mkwe alimpokea, ingawa hakuelewa kama ameshinda au ameshindwa, kwa kuwa talaka ya tatu haikutoka. Muuza nguru akarudi kwenye kanzu yake ya kila siku.

Jirani alivumilia mpaka Ijumaa, akaniomba nimsindikize. Mlangoni kwao akapiga magoti, akaweka mkono kifuani, akaanza maneno ambayo yangemliza askari wa forodha. Sauti ya mkewe ikatoka ndani: "Umeingia mbio. Rudi, uje tena."

Akarudi mpaka kwenye bomba la maji la mtaa, akaja polepole.

"Sasa huo mwendo wa chifu umetoka wapi? Rudi."

Akarudi tena. Majirani walikuwa wameshatoa viti. Safari hii alikaa kule kwenye bomba kidogo, akanawa uso, akaja anatembea tu, kama fundi chokaa aliyetoka kazini, nyusi bado zina chokaa. Hakupiga magoti.

"Nyumbani hakukaliki," akasema. "Twende."

Kisha mlango ukafunguka, likatoka sanduku, likasukumwa kwangu mimi nilibebe. Nikajitwisha, likanielemea. Kwenye picha jirani alikuwa akilirusha kwa mkono mmoja. Nilimwuliza njiani alilirushaje.

"Siku ile lilikuwa tupu," akasema mkewe, nyuma yetu, akikohoa.