Mkia Nyuma ya Boila

Nilipokuwa bado mtoto, niliamini kwamba nyoka wote wakubwa duniani wanatoka Pemba. Bibi ndiye aliyenifundisha hivyo, na sikuona sababu ya kumbishia, maana Tottenham, mtaa wetu wa London, sikuwahi kuona nyoka hata mdogo. Alikuja kukaa nasi katikati ya miaka ya tisini, Mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu, na kila nikitoka shule alinisimulia habari za chatu. Nilimsikiliza kwa Kiswahili nikamjibu kwa Kiingereza, na tulielewana vizuri tu.

Kwa Bibi, chatu akiingia nyumbani hapigwi kabla hajatazamwa. Wa kwao, aliyekuja kusalimia, utamjua kwa mshale aliochorwa utosini. Huyo huwekewa yai na kufukiziwa ubani, kisha huondoka kwa hiari yake. Aliyetumwa na hasidi utamjua kwa mkia: umekatika, kwa sababu mchawi hubaki na ncha yake mkononi ili aweze kumvuta arudi. Huyo lazima auawe palepale, hasa nyumba ikiwa na mja mzito. Alama hizo nilizijua kuliko hesabu zangu za shule.

Basi Jumamosi moja asubuhi Mama alifungua kabati la boila, lile pipa la kupashia maji, kuchukua taulo, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Juu ya taulo zetu, kwenye lile joto, alikuwa amejikunja nyoka mnene kuliko mkono wa Baba. Mama hakupiga kelele. Alifunga mlango wa kabati, akaenda jikoni, akawasha birika la umeme.

"Namwagia maji ya moto," alimwambia Bibi. "Mimba mbili zimeshanitoka, Mama. Hii simwachii mtu."

Mimba hizo nilikuwa nimezisikia kwa minong'ono tu. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba Mama, aliyezoea kumcheka Bibi na ubani wake, naye alikuwa anaogopa hasidi.

"Maji yachemke," Bibi alisema. "Lakini kwanza tumtazame."

Alivuta kiti mpaka mbele ya kabati, akakaa, akafungua mlango taratibu. Mimi nilisimama nyuma yake, na sikuogopa hata chembe. Nilifurahi mpaka miguu ikashindwa kutulia. Chatu alikuwa amefika London, tena kwetu, si kwa mtu mwingine.

Kichwa kilikuwa kimelala juu ya taulo la bluu. Hakikuwa na mshale. Kilikuwa na mstari mmoja mwembamba, kutoka puani mpaka shingoni. Bibi akasonya. "Si wa kwetu huyu." Jikoni birika likaanza kuvuma. Mkia haukuonekana, ulikuwa umezama nyuma ya boila. Mama akarudi na birika mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

"Raya, wewe mwembamba," Bibi aliniambia. "Hebu lala chini uchungulie. Usimguse."

Nilijilaza kwenye zulia na tochi ya Baba, Bibi amenishika kifundo cha mguu, nadhani ili anivute lolote likitokea. Niliona mgongo wenye madoa ya kahawia yenye ncha kila upande, kama popo waliotandaza mbawa. Nikayafuata kwa mwanga wa tochi. Kadiri yalivyokaribia mkia, ndivyo yalivyozidi kuiva, mpaka mwishoni yakawa mekundu kabisa. Ncha ilikuwepo, nyembamba, haina jeraha.

"Upo," nilisema. "Mkia upo mzima, Bibi. Halafu ni mwekundu." Kiswahili kilinitoka chenyewe, wala mimi sikugundua. Mama ndiye aliyenikumbusha baadaye.

"Mwekundu?" Bibi aliuliza. "Sijapata kuona. Basi hakuja kusalimia, wala hakutumwa. Huyu kapotea. Asha, weka birika chini. Raya, kamtafute mwenye nyoka."

Nilishuka ngazi mbiombio nikigonga kila mlango na kuuliza nani kapoteza nyoka. Watu walinitazama kama mwehu, lakini ghorofa ya chini alifungua Bwana Desmond, mzee aliyetoka Guyana, Amerika ya Kusini, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tukisalimiana kwenye lifti tu. Hakuningoja nimalize. Alinipita akiwa na soksi bila viatu, akapanda ngazi huku nikimwelekeza mpaka kwenye kabati.

Alimtoa taratibu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilimuuliza maswali mpaka Mama akaninyamazisha, lakini Bwana Desmond akajibu yote, nami nikamfasiria Bibi. Dukani alikomnunua, alisema, walimwambia nyoka huyu, aina ya boa anayefanana na chatu, ametoka Amerika ya Kati. Lakini wa huko mkia wao ni wa kahawia iliyofifia. Wekundu huu ni wa kwao Guyana, aliutambua tangu mlangoni. Akatuonyesha na makovu madogo puani, alama za meno ya wanyama aliowawinda. Huyu hakuzaliwa kwenye sanduku la kioo, alisema. Alikuwa porini, kwao Guyana.

Bibi aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza fundi mwenzake. Bwana Desmond akajizungushia nyoka shingoni, akamnong'oneza kitu kwa Kiingereza.

"Anamwambiaje?" Bibi aliuliza.

"Anamwambia twende nyumbani."

"Muulize nyumbani wapi. Guyana, au chini?"

Nikamuuliza. Alisimama mlangoni, mkono juu ya mgongo wa yule nyoka. "Chini," alijibu. "Kwa sasa, chini."

Mdogo wangu alizaliwa salama. Leo ninajua kwamba nyoka hatumwi na mtu, na kwamba yule alipanda kwa upenyo wa mabomba akifuata joto la boila tu. Lakini huwa ninafikiri kwamba imani ileile iliyomtia Mama hofu ndiyo iliyomzuia mkono. Mtu asiye na alama ya kutafuta angemwaga maji mara birika lilipozima, na Bwana Desmond angebaki katika jengo lile lote bila hata mmoja wa kwao.