Bibi Aliposema Hakuna Kitu

Harufu ya utomvu wa mti uliokatwa hunipandisha hasira hadi leo. Juzi jirani yangu hapa Kasulu alikata mti uani kwake, nikafunga madirisha yote na kumnunia siku nzima, maskini, wakati hajanikosea lolote.

Waliokosa ni wengine, na mmojawapo ni mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Juu ya kilima chetu, upande wa Murungu, palikuwa na mivumu saba mikubwa, mitini ya porini, na chini yake alizikwa Mwami, mtawala wetu wa zamani. Bibi yangu ndiye aliyepatunza. Kila ulezi ulipovunwa alipeleka kule pombe ya kwanza, viatu amevivua tangu bondeni. Sisi watoto tulijua nani amelala pale, na tulikatazwa hata kuokota kuni. Mimi, mwenye tumbo kubwa kuliko akili, niliwahi kula tini za pale nikaharisha siku mbili, na Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Siku moja akaja afisa kutoka mkoa mwingine, akitafuta mahali pa kujenga mnara wa simu. Kiha hakukijua. Bibi akanishika mkono, tukapanda naye. Nilijivuna kwelikweli, maana shuleni tulichapwa tukiongea Kiha, na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka.

"Shikamoo, bibi. Hapa pana nini?"

Bibi akainamisha kichwa. "Nta kintu."

"Anasema hakuna kitu," nikatafsiri.

Afisa akaandika. Bibi akanitazama, akanitazama tena. Mimi nikatabasamu.

Misumeno ilikuja baada ya wiki mbili. Bibi alikaa mlangoni akisikiliza mti mmoja mmoja ukianguka. Hakunigombeza, wala hakupanda tena kilimani.

Alipofariki, nikiwa mtu mzima, shangazi ndiye aliyenieleza. Mtunzaji hamtaji aliyelala pale. Akiulizwa hujibu "hakuna kitu", na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mtoto hafungwi na mwiko huo.

"Ndiyo maana alikuchukua wewe," alisema. "Yeye akane, wewe utaje."

Nilipiga meza, vikombe vikaruka. Mbona hakuna aliyeniambia? Wanasema kuuliza si ujinga, lakini yule bwana aliuliza mara moja tu, akamsikiliza mtoto, akafunga daftari. Namchukia. Namkasirikia hata Bibi, Mungu anisamehe, kwa kunyamaza kwake.

Lakini pale kilimani palikuwa na kinywa kimoja tu kilichoruhusiwa kusema, na kilikuwa changu. Nami nilikitumia kuonyesha Kiswahili.