Nilimpigia Mama Aisikie Bahari

Mama yangu alifariki Lubumbashi Jumatano alfajiri, na rafiki zangu wawili walijua siku hiyohiyo. Mimi nilijua Jumamosi, nikiwa nimevaa kofia ya ukindu ya kujikinga na jua. Katikati hapo tulizunguka pwani ya Italia kwa gari, mvua ikinyesha kutwa, na mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote.

Ilikuwa miaka ya tisini, na sisi tulikuwa wanawake watatu wa Brussels. Mwenye gari nilikua naye mtaa mmoja Lubumbashi, tukaja kukutana tena kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, yeye akigombana na muuzaji juu ya mihogo iliyolala. Wa pili alitoka Kivu, alikuja kama mkimbizi, mtu wa maneno machache. Tulifanya naye kazi ya kutunza wagonjwa kule Woluwe. Mimi nina mdomo, sikatai. Safari ile niliipigia kelele mwaka mzima mpaka wakakubali, na kofia niliinunua kabla hata hatujaomba likizo.

Mama hakuwahi kuiona bahari. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, lakini aliumwa muda mrefu hata tukazoea. Nyumbani hakukuwa na simu. Aliyekuwa nayo ni jirani yetu, mjane, na ukitaka kuongea na mama ulipanga siku, naye anakuja kukaa kwa jirani kusubiri. Nilipomwambia tunakwenda Italia, nilidhani ataniuliza habari za makanisa na Baba Mtakatifu. Yeye akauliza, kwa Kiswahili cha kwetu, "Na ile bahari, inaliaka namna gani?" Nikamjibu asubiri, Alhamisi jioni nitampigia nikiwa palepale, aisikie mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumatano mchana tukafika Genova. Mwenye gari akaingia kwenye kibanda cha simu ampigie mjomba wake Brussels, mzee ambaye sote tulimwita tonton, kumwambia tuko salama. Akakuta jirani yetu wa Lubumbashi ameshampigia tonton kuwa mama amefariki. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa njiani. Anafikishwa nyumbani, anakalishwa, anazungukwa na watu wake, ndipo mzee anafungua kinywa. Tonton hakusema mengi: "Musimuambie mu njia. Mumulete kwanza ku nyumba."

Haya niliyajua baadaye. Siku ile niliona tu mtu ametoka kibandani, amemvuta wa Kivu pembeni, kisha amerudi kuniambia gari lina sauti mbaya, afadhali tugeuze. Nikamwuliza sauti gani. Akasema sauti tu. Jamani, niliwaka. Niliwaambia hata ikibidi kulisukuma hilo gari, mimi sirudi Brussels kabla ya Alhamisi jioni, nimemwahidi mama yangu. Wa Kivu akageuka kutazama dirishani. Nilidhani makelele yangu yamemchosha.

Basi tukaendelea, handaki baada ya handaki, na kila tukitoka kwenye giza tunaikuta mvua inatungoja. Bahari ilikuwa na rangi ya maji ya kufulia. Miavuli ya ufukweni ilikuwa imefungwa, viti vimelundikwa, na wenye mikahawa walituangalia kama watu tuliopotea njia. Nilikuwa nikisonya kila baada ya dakika.  Wenzangu walinipa kiti cha mbele, wakaniwekea samaki mkubwa, wakaniuliza kama nasikia baridi. Mwenye gari, ambaye kwa kawaida ukimtupia neno moja anakurudishia kumi, akawa ananikubalia kila kitu. Nikawatania kwamba wanakaa kama watu walio ukweni. Wa Kivu akajaribu kucheka, akashindwa.

Alhamisi jioni tulisimama kwenye mji mdogo ambao kibanda chake cha simu kilitazamana na mawimbi. Hapo walihangaika. Mara kadi ya simu imekwisha, mara huenda mama anapumzika, mara tupige kesho. Nikasema mama yangu amekaa kwa watu ananisubiri, nani kati yenu atakwenda kumwambia arudi nyumbani?  Mwenye gari akasema, "Bon. Piga." Akanishikia mwavuli mwenyewe.

Simu iliita, ikapokelewa. Nikaita mama, mama, hakuna jibu. Sikushtuka. Siku zile simu za nyumbani zilikuwa na tabia ya kusikia upande mmoja, na sote tulijua la kufanya: unaongea yote uliyonayo, maana pengine mwenzako anakusikia ila sauti yake haikufikii. Nikaongea. Nikamwambia anywe dawa, nikamwambia likizo ijayo ni yake, nikamwambia Italia yenyewe ni mvua tupu, asije akanionea wivu. Kisha nikasukuma mlango, nikavuta waya wa simu mpaka mwisho, nikanyoosha mkono kuelekea majini. Wimbi likapiga, likarudi, likapiga tena. Nilimwachia mpaka kadi ikaisha kweli. Niliporudi garini nilikuwa na furaha, na mwenye gari akawasha injini bila kunitazama.

Jumamosi tulifika Brussels. Ufunguo wa nyumba nilikuwa nimemwachia tonton amwagilie maua. Nilipanda ngazi nikiwaza namna ya kuwasimulia watu, na kofia nikaivaa kwa makusudi ili nimchekeshe tonton anayetusubiri na ufunguo. Kochi langu lilikuwa nje ya mlango. Ndani walikuwa wamekaa chini kwenye magodoro, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, na hakuna aliyeinua uso. Tonton alisimama akasema maneno yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa pale kwenye kochi, maana kwetu viti hutolewa nje penye msiba.

Miezi mingi sikuongea na mwenye gari. Nilisikia aibu, na aibu yangu hugeuka hasira. Siku moja nilimkuta dukani, nikamwambia mlinifanya mjinga, mliniacha nikaongea na hewa. Hakutaka ugomvi. Akasema, "Ulitaka kumupigia mama yako. Mimi ni nani nikukatalie?" Tuliondoka pamoja tukilia kama watoto, mifuko mkononi. Lakini swali likabaki linanila: ile simu nani aliipokea?

Nilipopata njia ya kwenda Lubumbashi, jirani yetu alikuwa bado hai. Alinikalisha, akanipa maji, akangoja nimalize kulia. Ndipo akaniambia kwamba Alhamisi ile jeneza la mama lilikuwa limeletwa nyumbani kwa usiku wa mwisho, na kilio kilijaa mpaka uani kwake. Alijua ni mimi ninayepiga, akapokea kwa sababu siku ilikuwa imepangwa.

"Niliziba simu na mukono," akasema, "juu usisikie kilio. Nikasikiliza yote. Bahari nayo niliisikia."

Nikamwuliza kisha akafanya nini.

"Kisha nikaenda ku sanduku, nikainama, nikamuambia namna inaliaka."