Jina Ambalo Hatukulitaja

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Watu wamenicheka tangu enzi hizo na bado nasema: mwanamke yule nilimpokea kwa mikono yangu na kumwekea chakula, ilhali alikuwa amezikwa miaka mingi. Sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja pombe. Na usidhani ilikuwa usiku wa manane. Jua lilikuwa bado linawaka juu ya migomba.

Ilikuwa miaka ile ya sitini, Uhuru ungali mpya pande zote mbili. Mimi ni mzaliwa wa Busia ya Kenya, nikaolewa Busia ya Uganda, karibu na Masafu. Siku hizo mpaka ulikuwa kitu cha kwenye ramani. Mama yangu akipika samaki mzuri, nilivuka, nikala, nikarudi kabla mume wangu hajatoka kazini Tororo. Mume wangu huyo, Wandera, alikuwa mtu mwema sana, ila tumbo lake halikuwa na breki.

Nikajifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana. Kwetu Wasamia, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza na kukataa ziwa, tunajua anadai jina. Bibi humpakata na kutaja marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, huku mama akimpa ziwa. Akilishika, basi jina ni hilo. Mama mkwe wangu alitaja mabibi, akataja mashangazi, na alipokata tamaa akataja hata babu mmoja aliyekuwa mwizi wa kuku. Mtoto alilia tu. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Alikonda hadi kichwa kikawa kizito kwa shingo yake. Mwanangu alikuwa anakufa, na mimi matiti yamejaa maziwa mpaka yananiuma. Unaujua uchungu huo? Naomba usiujue.

Siku ninayokusimulia, mama mkwe alikuwa amekwenda Majanji pamoja na baba mdogo wa mume wangu, Ojambo. Huko aliishi mzee mmoja wa ukoo, nao walitaka kumuuliza kama kuna marehemu aliyesahaulika. Nilibaki peke yangu na kilio cha mtoto.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ilitoka nyuma ya jikoni, upande usio na njia. Nikatoka. Nikamkuta mwanamke wa makamo, mrefu, miguu mitupu, meno mawili ya chini yameng'olewa kama walivyofanya watu wa zamani. Nilimsalimu kwa Kisamia, akanijibu kwa Kiswahili kile cha sokoni. Nikajua huyu si Msamia, ni wa kabila la Wateso, wa upande wa Tororo.

"Mimi nasikia mutoto nalia," akasema. "Lete yeye."

Wewe ungempa mgeni mtoto wako? Mimi nilimpa. Sijui kwa nini, mikono ilijinyoosha yenyewe. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akaanza kutembea naye uwanjani polepole. Mtoto akanyamaza. Niamini, nilisikia kuku wakichakura, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa siku nyingi. Basi nikaanza kulia mimi.

Yule mama akanicheka. "Wewe tena? Mumoja nanyamaza, mwingine naanza?"

Nikacheka na machozi yangu. Nikampenda papo hapo, sikufichi. Nikampakulia ugali wa muhogo na mtama, na samaki mkavu niliyemuunga kwa karanga. Alikula taratibu, mtoto mapajani, na nilimwona kwa macho yangu akikata tonge, akichovya, akimeza.

"Mulitaja nani na nani?" akaniuliza.

"Tumetaja wote, mama."

"Wote?"

"Wote. Wa ukoo mzima."

Akamtazama mtoto. "Haya. Wa ukoo," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Aliponirudishia mtoto nilimuuliza, kama adabu inavyotaka, wenye nyumba wakirudi niwaambie nani alikuja.

"Sema Amuge nasalimia. Na uliza Ojambo, kifua yake ilipona?"

Niliinama kumlaza mtoto mkekani. Kuinua macho, uwanja mtupu. Nikazunguka jikoni, nikachungulia kwenye migomba, hakuna mtu. Na mtoto akaanza upya, safari hii kwa sauti iliyokauka.

Jua lilipokuwa likizama walirudi wote, Wandera kutoka Tororo, mama mkwe na Ojambo kutoka Majanji. Walikuja na majina mapya. Mama mkwe akayataja, mtoto akalia. Wandera akaenda kwenye chakula, maana hata msiba ungemkuta na njaa. Sahani ya mgeni ilikuwa imejaa. Tonge halikupungua! Kabla sijasema neno, alikuwa ameshatia mdomoni.

"Mke wangu," akasema, "hiki ni nini?"

Nikaonja. Hakikuwa na ladha ya kitu chochote, si chumvi, si samaki, si hata moshi. Nikawaambia nilimpikia mgeni, jina lake Amuge.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kutetemeka. Siku hiyo alikaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha. Ndipo nikasikia kwake habari ambayo hakuna aliyewahi kunisimulia. Amuge aliingia mji huu, boma hili letu, wakati wa njaa, msichana peke yake, akitembea kutoka upande wa Tororo. Bibi yake Wandera alimpa chakula naye akabaki. Alilima, akapika, akabeba watoto wa nyumba hii mgongoni. Ojambo alizaliwa na kifua kibovu, na ni Amuge aliyekesha akimshikilia wima ili apumue. Hakuolewa. Alipokufa alizikwa nyuma ya jikoni, nje ya ua, kwa sababu hakuwa wa ukoo. Tangu hapo hakuna aliyemtaja, na katika kuhesabu marehemu wetu hakuna aliyemkumbuka.

"Haiwezekani," Ojambo akasema. "Mtoto wetu aitwe jina la mtu wa kuja? Watu watasemaje?"

Nilitaka kumrukia. Mtoto alikuwa hana nguvu tena ya kulia, anafungua mdomo tu. Nikamwambia Ojambo, kwa sauti ambayo mke wa nyumba hamtolei baba mkwe, "Amekuachia swali. Anauliza, kifua chako kilipona?"

Mama mkwe akamgeukia Ojambo. "Umeulizwa," akasema. "Jibu."

Mwanaume yule mzima akaweka kiganja kifuani mwake na kulia waziwazi, mbele yetu sisi wanawake. Kisha akamchukua mtoto mwenyewe, kazi ambayo si ya mwanaume, akainamia sikio lake.

"Amuge," akasema. "Kilipona, mama. Kilipona kabisa."

Akanipa mtoto. Mtoto akashika ziwa. Akanyonya mpaka nikapiga kelele kwa maumivu, na sijawahi kufurahia maumivu kama yale.

Asubuhi Ojambo aling'oa ua wa nyuma, nguzo kwa nguzo, akausogeza mpaka kaburi likawa ndani ya mji. Amuge wangu alikua mnene na mwenye maneno mengi. Ojambo alimwita mama hadi alipozeeka, na kile kitoto kilimwamrisha kunawa mikono kabla ya kula, naye akanawa.

Sasa wewe unayenisikiliza, nakuonya. Ukiwahesabu watu wako, hesabu tena. Angalia nani anakupikia, nani alikubeba, nani anaamka kabla yako, halafu bado unamwita mtu wa kuja. Mwingize ndani ya ua angali hai, umwite jina lake akusikie. Wetu alikuwa na moyo wa kurudi na kupiga hodi. Wako huenda asirudi.